Kinyozini, Msimu wa Vidole Vyeupe

Jumatatu, 3 Juni

Leo tumegawiwa madaftari. Daftari moja la kurasa arobaini na nane kwa kila mtu, na kalamu ya bluu juu yake, na hakuna aliyeomba. Nina miaka kumi na tisa kiwandani hapa. Sijawahi kupewa kitu bila kuomba kisha nikabaki salama.

Aliyeyaleta ni mwanamke mfupi mwenye miwani na sanduku la chuma. Msimamizi alitwambia ni mtaalamu wa kupima mtetemo wa mashine, nasi tukawa tumeshamwita Mpimaji kabla hajamaliza kusalimia. Atakuwa nasi msimu wote wa baridi. Kila siku kila mtu aandike ameshika grinda dakika ngapi, na asubuhi vidole vilikuwaje: vimekufa ganzi, vinachomachoma, au vimebadilika rangi. Hilo la rangi alilirudia mara mbili, na alipokuwa akilisema alitutazama mikono, si nyuso.

Kinyozini tuko sita. Vichwa vya pampu vikitoka kusubiwa kwa chuma kilichoyeyushwa huja kwetu na ndevu pande zote, pale chuma kilipovujia kwenye maungio ya kalibu, nasi kazi yetu ni kuvinyoa kwa grinda. Ndiyo asili ya jina. Mimi ndiye mkubwa wa vinyozi. Meza inayofuata yangu ni ya shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, ambaye nilimleta mwenyewe miaka sita iliyopita na kumfundisha kazi tangu kushika swichi.

Daftari lao limebaki kabatini kazini. Hili ninaloandika nimelinunua kwa hela yangu njiani nikirudi. Kule nitaandika yanayofaa kusomwa na Msimamizi. Humu nitaandika ya kweli, ili siku wakinigeuzia maneno niwe na kumbukumbu yangu mwenyewe.

Kule: Vidole vizuri.
Humu: Vidole vitatu vya mkono wa kushoto, vyeupe kama chaki mpaka pingili ya pili. Vilikaa hivyo dakika ishirini. Nilivitia kwapani mpaka damu ikarudi, na inaporudi ndipo panapouma.

Jumanne, 4 Juni

Kule: Vidole vizuri.
Humu: Vitatu. Dakika ishirini.

Jumatano, 5 Juni

Manyunyu kutwa. Maji yanapita chini ya mlango na sakafu ya Kinyozini ni baridi hadi magotini.

Mpimaji amebandika kidude cheusi kwenye kila grinda, ukubwa wa kiberiti. Eti kinahesabu dakika ambazo mashine inazunguka na nguvu ya mtetemo wake. Mrefu wa meza ya nne alimwuliza kama kinasikia na tunayozungumza. Mpimaji akacheka, akasema hapana. Sikukipenda kile kicheko. Swali zito mtu hulijibu kwanza ndipo akacheka.

Saa nne, wakati wa chai, nikawakalisha wenzangu chini. Nikawakumbusha karakana ya pili. Mwaka juzi waliletewa mtu wa kupima masikio, mpole vilevile, na madaftari vilevile. Baada ya miezi mitatu wawili walioonekana hawasikii vizuri wakaambiwa wakapumzike nyumbani, na mpaka leo wanapumzika. Sasa kipimo kimeshuka kutoka masikioni kuja mikononi. Wanatafuta wabovu ili wawatoe.

Shemeji akauliza, na hizo dakika ni za nini? Nikamwambia hizo ni za kutafuta wavivu. Mgonjwa ataondoka na mvivu ataondoka, kwa hiyo sisi tutakuwa wazima na tutakuwa wachapakazi. Kila mtu aandike vidole vizuri, kama mimi. Walikubali. Hata Kimya, kinyozi wetu asiyesema, ambaye hukubali kwa nadra kwa sababu hukataa kwa nadra, alitikisa kichwa.

Halafu nikafanya jambo ambalo nililiona la akili sana. Niliitoa diski kwenye grinda, nikakunja gunia mara nne, nikailaza mashine juu yake na kuifunga swichi kwa uzi ibaki imewashwa. Ikazunguka yenyewe mezani nami nikanywa chai yangu. Kidude kikahesabu. Wenzangu wakacheka mpaka Mrefu akamwaga kikombe, kisha nao wakakunja magunia.

Kule: Vidole vizuri. Dakika mia tatu na kumi.

Ijumaa, 7 Juni

Grinda sita zimenguruma wakati wa chai. Hatusikilizani, lakini tunachapa kazi.

Jumatatu, 10 Juni

Mpimaji alisimama nyuma yangu nusu saa. Mwishowe akasema ninaikaba mashine. Akaniomba nilegeze mkono, niuache uzito wake wenyewe ukate chuma, na diski ikianza kuliwa upande mmoja niibadilishe mapema, maana diski isiyo sawa hutetemesha maradufu. Alisema mtu akikaba, mtetemo wote unapanda mkononi badala ya kuishia kwenye chuma.

Nimewafundisha vinyozi wote kukaba. Ndivyo nilivyofundishwa nami. Mkono uliolegea ni mkono uliolala. Sasa mtu aje na sanduku aniambie nilegee, na kidude kipo hapohapo kinaandika! Nilimjibu, "Sawa dada," nikakaba zaidi.

Kule: Vidole vizuri.
Humu: Vinne sasa. Kidole cha shahada kimejiunga.

Jumatano, 12 Juni

Tumepewa glavu mpya, nene, za joto. Mtu wa stoo alitupima mikono kwa utepe kabla ya kutupa. Kwa nini utepe? Glavu zina ukubwa wa aina tatu tu. Nimemwuliza, akasema ameagizwa. Nimemwuliza na nani, akaniambia niache kumvuruga, ana foleni.

Lazima niseme kwamba zina joto.

Ijumaa, 14 Juni

Kule: Vidole vizuri.
Humu: Vinne, dakika thelathini. Mke wangu alinimiminia maji ya vuguvugu kwenye beseni bila kusema neno, na kwa mwanamke yule kutosema neno ni hotuba.

Jumatatu, 17 Juni

Nimemwona shemeji akitoka kwenye chumba cha Mpimaji, kile kidogo kando ya stoo. Aliponiona akajifanya anatafuta msasa. Msasa hauwekwi kule.

Alhamisi, 20 Juni

Ameingia tena. Robo saa nzima. Mlango ulifungwa.

Jumamosi, 22 Juni

Nimewaza sana juu ya shemeji. Si mtu mbaya, lakini ni mwepesi wa mdomo, na siku hizi amekuwa na maringo yasiyo na mpango. Katika baridi hii ya kukata masikio anatembea na koti wazi, vifungo vyote vimelegea, kama anayekwenda kupigwa picha. Nilimwambia jana ajifunge atapata kichomi. Akasema yeye hasikii baridi. Mtu mwenye uhakika wa kazi yake ndiye hutembea kifua wazi namna ile. Uhakika huo kaupata wapi, kama si kwenye chumba kile?

Nimeamua kumtega.

Jumatatu, 24 Juni

Nimemnong'oneza shemeji peke yake, hakuna mwingine, kwamba mgongo unanisumbua sana. Ni uongo mtupu, mgongo wangu ni mzima. Sasa nasubiri nione utatokea kinywani mwa nani.

Kule: Vidole vizuri.
Humu: Vinne kushoto, viwili kulia. Hivi vya kulia ni vipya. Niliangusha ufunguo wa diski mara mbili na sikujua umeanguka mpaka niliposikia mlio wake sakafuni.

Alhamisi, 27 Juni

Umetokea. Msimamizi amepita mezani kwangu asubuhi, akaniuliza kwa upole, "Mgongo unaendeleaje, mzee wangu?" Mchana nikaletewa vichwa vidogo vya pampu, vyepesi, vile wanavyopewa wanaojifunza. Nimenyoa vichwa vya wanagenzi mimi, mbele za watu.

Nimemlea kazini yule. Nilimpa meza iliyo karibu na yangu ili nimwangalie, na kumbe ni yeye aliyewekwa kuniangalia. Nimeumia kuliko ninavyotaka kuandika.

Ijumaa, 28 Juni

Sijamsemesha shemeji. Amenisalimia mara tatu.

Jumatatu, 1 Julai

Baridi imezidi. Sijamsemesha. Grinda zimenguruma saa nne kama kawaida.

Alhamisi, 4 Julai

Mpimaji amekuja wakati wa chai bila taarifa. Mrefu alimwona kwa mbali na kupiga mluzi, tukaruka kushika mashine zetu, sita sote, vikombe sakafuni, tunasaga hewa. Hatukuwa hata na diski. Alisimama mlangoni akatutazama. Aliandika kitu, akaondoka.

Nimejiuliza kaandika nini. Mrefu anasema huenda kaandika tuna bidii. Mrefu ana kimo tu.

Jumanne, 9 Julai

Mke wangu amenisuta kwamba simsalimii ndugu yake. Nikamweleza yote, mtego na mgongo na vichwa vidogo. Alinisikiliza mpaka mwisho, huku anakunja nguo. Kisha akaniuliza kama nimemwuliza mwenyewe. Nikasema mtu hamwulizi mpelelezi kama anapeleleza. Akasema, "Haya," akabeba nguo zake akaingia ndani.

Ijumaa, 12 Julai

Kule: Vidole vizuri.
Humu: Sita, dakika hamsini. Ganzi haiondoki tena na weupe. Rangi inarudi, lakini ncha za vidole zinabaki kama si zangu.

Alhamisi, 18 Julai

Leo tumeitwa wote uani, karakana zote mbili. Mkurugenzi mwenyewe amekuja, koti jeusi, mwavuli umeshikwa na mtu mwingine.

Alisema ripoti ya nusu ya kwanza imetoka. Kiwanda kimenunua mashine sita mpya, na kumbe tulikuwa tukipimwa kwa ajili ya hizo tangu mwanzo: grinda zenye vishikio laini vinavyomeza mtetemo, hazifikishi hata nusu ya mtetemo wa hizi zetu. Pamoja nazo kuna zamu mpya, kila mtu ashike mashine nusu saa kisha abadilishwe kazi, na chumba chenye hita cha kupashia mikono. Zilinunuliwa sita kwa sababu karakana itakayozihitaji zaidi ndiyo itakayozipata kwanza.

Kisha akatusifu. Alisema Kinyozini ndio hodari wa kiwanda kizima. Tunashika mashine dakika nyingi kuliko wote, mashine zetu zinatetema kidogo kuliko zote, na katika wiki sita hakuna kidole hata kimoja kilichoandikwa kibaya. Kwa hiyo mashine mpya zinakwenda karakana ya pili, na sisi, kwa kuwa tunaimudu kazi, tutaongezewa vichwa ishirini kwa siku kuanzia Jumatatu. Barua ya mgao huo itatiwa saini mwisho wa mwezi.

Watu walitupigia makofi. Mrefu alipunga mkono.

Nilisimama pale manyunyu yakiniingia shingoni nikajaribu kuona hila iko wapi. Nilitafuta kweli. Niliwaza labda mashine mpya ni mbovu, labda karakana ya pili ndiyo inayokomolewa. Niliwaza mpaka kichwa kikauma na sikuiona hila yoyote, isipokuwa yetu.

Ijumaa, 19 Julai

Vinyozi wote wananitazama. Hakuna anayesema. Kimya naye hasemi, lakini leo kimya chake ni cha aina nyingine.

Jumatatu, 22 Julai

Vichwa ishirini zaidi. Sikuandika chochote kule.

Jumanne, 23 Julai

Mpimaji ameniita chumbani kwake. Nilikwenda nikiwa nimejiandaa kukana.

Chumba chenyewe ni meza, viti viwili, birika la umeme na karatasi ukutani. Alinionyesha karatasi moja yenye mstari unaopanda na kushuka, akaweka kidole mahali ambapo mstari unalala chini kabisa kwa dakika thelathini, kisha unapanda tena. Akahamisha kidole siku ya pili, siku ya tatu, ya nne. Palepale, saa nne.

"Hapa mnakunywa chai," alisema.

Akaniuliza mashine tunazilaza juu ya nini. Nikaona hakuna pa kukimbilia, nikasema magunia. Na diski? Nikasema tunatoa. Akavua miwani akajipangusa macho. Nilidhani anacheka.

Alinieleza taratibu, bila kunikemea, na ningependa angenikemea. Mashine isiyo na diski ikilala juu ya gunia haitetemi sana. Kila siku tuliongeza nusu saa ya mtetemo mdogo, na ofisini wakachukua wastani wa siku nzima, wastani ukashuka. Yeye aliugundua mstari ule wiki ya kwanza ya Julai, akawaambia hesabu za Kinyozini zisiaminiwe. Wakamwuliza, na madaftari je? Akayafungua madaftari. Sita yote, kila siku, maneno mawili yaleyale. Wakamwambia, basi watu wenyewe wanasema ni wazima.

"Nilijua mnaficha," alisema. "Sikujua mnamwogopa nani."

Nikamwambia habari za watu wawili wa masikio. Hakuwa anazijua. Alizichukua, akaandika, na hakuniambia kwamba nimekosea kuogopa. Alisema weupe ukikamatwa mapema na mtu akiacha kushika mashine kali, huweza kupungua. Ganzi ni jambo lingine. Ikishakaa haitoki, na mtu huzoea, hata asijue amepoteza nini. Ndiyo maana ana haraka. Akasema barua haijatiwa saini bado. Wakipatikana watu wawili wa Kinyozini wakakubali kupimwa mikono kabla ya mwezi kuisha, ataisimamisha.

Nikamwuliza swali lililokuwa limenikaa kooni tangu Juni. Shemeji yangu alikuwa akija kumwambia nini? Akasema hilo nimwulize mwenyewe.

Jumatano, 24 Julai

Sijamwuliza.

Alhamisi, 25 Julai

Sijamwuliza. Humu: Saba.

Jumapili, 28 Julai

Shemeji na mkewe wamekuja kutusalimia. Mvua ilikuwa imekatika lakini upepo ni wembe. Aliingia na koti wazi, kama ilivyo desturi yake, nami nikamtupia jicho langu la siku zote. Mke wangu akanikamata mkono, akanivuta jikoni, akafunga mlango.

Alisema, kwa sauti ya chini kabisa, kwamba shemeji hawezi kufunga vifungo. Tangu Mei. Asubuhi mkewe humfunga shati, na akivua koti kazini hawezi tena kulifunga, kwa hiyo analiacha. Wanawake wote wawili walijua. Nikamwuliza kwa nini hakuniambia. Akasema ndugu yake alimlisha kiapo, kwa sababu mimi nilishasema mgonjwa ataondoka.

Nilirudi sebuleni nikakaa mkabala naye. Sikujua nianzie wapi, nikaanzia mgongoni. Nikamwuliza kwa nini alikwenda kumwambia Msimamizi habari za mgongo wangu. Alishangaa kwamba nalijua hilo.

"Shemeji, ulisema unakuuma," alisema. "Nikamwomba akupe vichwa vyepesi. Nilijua wewe hutaomba."

Na Mpimaji? Akatazama sakafu. Alikwenda kuuliza kama vidole vikifa ganzi vinatibika. Alisema anaulizia kwa niaba ya rafiki. Mara ya pili alikwenda kuuliza hivyohivyo, kwa sababu jibu la kwanza hakulipenda.

Nilitaka kumwomba radhi na nikashindwa, nikamwambia tu kwamba mgongo wangu hauumi wala haujawahi kuuma. Hakuelewa, lakini alifurahi kusikia ni mzima. Mwezi mzima sikumjibu salamu mtu huyu.

Jumatatu, 29 Julai

Saa nne leo sikukunja gunia. Nilizima grinda, nikawaambia vinyozi kwamba niliwapotosha, na kwamba kesho mimi na shemeji tutakwenda kupimwa. Mrefu alisema ofisi itatumaliza. Nikamwambia huenda, lakini mimi nimeshaanza kazi hiyo, ofisi haitakuwa na mengi ya kumaliza. Kimya akauliza kesho saa ngapi. Ni mara ya kwanza kusikia sauti yake tangu msimu uanze.

Ijumaa, 2 Agosti

Barua imezuiwa. Naliandika hilo kwanza kwa sababu ndilo jema. Mashine tatu zinakuja Kinyozini na tatu zinakwenda karakana ya pili, sita nyingine zimeagizwa, na zamu ya nusu saa inaanza Jumatatu kwetu sote. Mkurugenzi ameandika na kutia saini kwamba hakuna atakayeondolewa kazini kwa sababu ya mikono. Nimeisoma karatasi hiyo mara nne nikitafuta mlango wa nyuma. Nitaisoma tena kesho. Mimi ndivyo nilivyo.

Sasa niandike la Jumanne, ambalo nimelikwepa siku tatu.

Tulikwenda saa moja asubuhi kabla ya kupasha mikono, kama alivyoagiza Mpimaji. Kimya alikuja nyuma yetu, na Mrefu nyuma yake akijifanya anapita tu. Chumba hakikututosha, wengine wakabaki mlangoni. Nilitaka kutangulia mimi, kwa kuwa ni mkubwa, lakini shemeji alishakaa kwenye kiti. Alikuwa na hamu ya kujua. Alikuwa hata na furaha, nadhani kwa sababu hafichi tena.

Mpimaji aliweka mkono wa kulia wa shemeji juu ya kitambaa, kiganja juu. Akatoa sanduku la chuma na ndani yake kijiti chenye ncha mbili za chuma nyembamba. Akamwambia afumbe macho, na kila atakapoguswa aseme ndiyo. Shemeji akafumba macho, akakaa wima kama anayenyolewa.

Nilikuwa nimesimama upande wa meza, nikiuona mkono wote. Ni mkono ambao niliushika kwa mikono yangu miwili miaka sita iliyopita, nikauzungushia kwenye kishikio cha grinda, nikamwambia kaba, kaba zaidi, mashine ikijua unaiogopa itakurusha. Mpimaji aligusa kidole cha shahada. Nikasubiri. Akakandamiza kidogo, ngozi ikabonyea. Akaenda cha kati, akakandamiza. Akaenda cha pete. Birika lilikuwa linachemka na hakuna aliyelizima. Akagusa kidole cha mwisho, kisha gumba, na kwenye gumba alikandamiza mpaka ncha ziliponyanyuka zikaacha vidoti viwili vyeupe. Kule mlangoni Mrefu aligeuza uso.

Shemeji alikuwa ametulia, macho yamefumbwa, na tabasamu dogo la mtu mwenye subira.

"Dada, mimi niko tayari," alisema. "Anza tu."

Mpimaji alinitazama mimi, kana kwamba neno hilo ni langu kulisema, nami nikajua kwamba kweli ni langu. Nikamwekea mkono begani, mahali ambapo nilikuwa na hakika atanisikia.

"Shemeji, fumbua macho," nikamwambia. "Ameshamaliza."